Kikohozi Kisihame Kitanda: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Virusi vya Njia ya Hewa Wodini

Mtoto analazwa Jumatatu kwa kuhara. Alhamisi macho yaliyokuwa yamezama yamerudi, dripu imetolewa, mama ameanza kukunja kanga zake tayari kwa safari ya nyumbani. Jumamosi usiku mtoto huyo huyo anakohoa, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, na tunahangaika kumtafutia oksijeni. Nimeliona jambo hili mara nyingi katika wodi za watoto, na kwa muda mrefu tuliandika "nimonia" kwenye faili bila kujiuliza imetoka wapi. Ilitoka kitanda cha jirani.

Ninayoandika hapa ni kwa muuguzi wa zamu, daktari, matroni, mhudumu anayedeki na ndugu anayelala na mgonjwa. Yote yanasimama juu ya jambo moja: anayeambukiza wodi ni yule ambaye bado hakuna aliyemshuku. Mgonjwa wa influenza (mafua makali) huanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya. Mwenye surua huambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka. Ukisubiri majibu ya maabara ndipo ufungue dirisha, umechelewa.

Kwanza, fahamu njia ambazo virusi hupitia

Virusi vya RSV, ambavyo ndivyo vinavyowabana sana vichanga, vinapenda mikono. Mwaka 1981 watafiti wa Rochester, New York, walichapisha jaribio ambalo nalisimulia kila ninapofundisha wauguzi wapya. Waligawa watu wazima makundi matatu mbele ya vichanga wenye RSV. Kundi la kwanza liliwabeba na kuwabadilisha nepi. La pili halikumgusa mtoto. Lilishika kitanda na vitu vyake baada ya yeye kuondolewa, kisha wakajigusa pua na macho. La tatu lilikaa tu kando, umbali wa karibu mita 2. Waliobeba, 5 kati ya 7 waliambukizwa. Walioshika vitu tu, 4 kati ya 10. Waliokaa kando, 14 wote walitoka salama. Yaani kitanda kitupu, ambacho mtoto hayupo tena, kiliambukiza watu wanne.

Influenza hukaa hai saa 24 hadi 48 juu ya chuma na plastiki, na muda mfupi zaidi kwenye nguo na karatasi. Lakini pia hupita hewani, kama UVIKO-19, hasa chumba kikiwa kimefungwa na watu wamejaa. Surua ndiyo kiboko ya zote: virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na asiye na kinga akikutana navyo kwa karibu, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 9 kwa 10.

Kwa hiyo hakuna dawa moja. Kuna hewa, kuna mikono, kuna barakoa, na kuna namna unavyowapanga watu.

Anza mlangoni, kwenye benchi

Wodi huambukizwa kabla mgonjwa hajafika wodini. Machi 2020, katika hospitali moja binafsi jijini Durban, Afrika Kusini, mgonjwa mmoja aliyetoka safari ya Ulaya alipita idara ya dharura. Kufikia mwisho wa Aprili wagonjwa 39 na wafanyakazi 80 walikuwa wamepata UVIKO-19, na wagonjwa 15 walifariki. Wachunguzi walipofuatilia mnyororo walikuta virusi vimepita wodi tano, vikafika kwenye kitengo cha kusafisha damu na nyumba ya wazee ya jirani, na sababu kubwa ilikuwa kuwahamisha wagonjwa wodi hadi wodi. Korea Kusini nayo mwaka 2015 ilipata wagonjwa 186 wa MERS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii moja na UVIKO-19, na vifo 38. Mtu mmoja aliyelala siku tatu kwenye chumba cha dharura kilichojaa, jijini Seoul, aliambukiza watu 82: wagonjwa wenzake, ndugu waliokuwa wakiwauguza, na wahudumu. Hali ya ndugu kukaa kitandani na mgonjwa usiku na mchana sisi tunaijua vizuri.

Mlangoni basi awepo mtu mmoja, asiwe lazima muuguzi, mwenye maswali mawili: "Una kikohozi, mafua au homa?" na "Nyumbani kuna mwingine anayekohoa au mwenye vipele?" Atakayejibu ndiyo apewe barakoa hapo hapo, asiambiwe akanunue dukani. Kisha aelekezwe kwenye benchi lake, nje: varandani, chini ya mwembe, chini ya turubai. Aonwe mapema. Wengine watanung'unika kwamba mwenye mafua amepitishwa mbele. Waelezeni kwamba kila dakika anayokaa nao inawahusu wao.

Mtoto mwenye homa, macho mekundu na vipele asiingie ukumbini kabisa. Apite mlango wa nje moja kwa moja hadi chumba cha pekee.

Hewa: hapa ndipo kazi ilipo

Nitakaa hapa, kwa sababu hewa ndiyo kitu tunachokipuuza kuliko vyote na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Shirika la Afya Duniani linataka wodi ya kawaida inayotegemea madirisha ipate lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Chumba cha mwenye ugonjwa wa hewani, lita 160. Namba hizi unaweza kuzikadiria mwenyewe kwa futi kamba. Ikiwa madirisha yako yanatazamana, pande mbili za wodi, fanya hivi: pima eneo lililo wazi kweli kila upande (ule upenyo unaopitisha hewa, usihesabu kioo), chukua upande wenye eneo dogo, zidisha kwa mwendo wa upepo, zidisha kwa 0.65, halafu kwa 1,000. Jibu ni lita kwa sekunde.

Chukua wodi ya vitanda 20. Upande mdogo una upenyo wa mita za mraba 2. Upepo ni mita 1 kwa sekunde, ule ambao moshi unaelemea upande lakini majani hayatikisiki. 0.65 × 1 × 2 × 1,000 ni lita 1,300. Gawa kwa wagonjwa 20: lita 65 kila mmoja. Umefaulu.

Sasa rudi wodi hiyo hiyo saa nane za usiku. Upepo umelala, umebaki mita 0.3. Mama wa kitanda cha 4 amefunga dirisha kwa sababu mtoto anasikia baridi, wa kitanda cha 9 amefunga kwa sababu ya mbu, na mlango wa nyuma mlinzi ameufunga kwa ajili ya wezi. Hata kama yangebaki wazi yote, wagonjwa 20 wangepata lita 19 na ushei kila mmoja. Kwa kuwa yamefungwa, wanavuta pumzi za wenzao hadi alfajiri. Kama kuna mtu mmoja wa RSV na mmoja wa influenza humo ndani, wodi inaambukizana usiku, na sisi tunahangaika kutafuta kosa la mchana.

Kwa hiyo shughulikia sababu za kufunga, usigombane na mama. Mbu: weka nyavu madirishani na chandarua chenye dawa kila kitanda. Wavu wenyewe hupunguza hewa, na ukijaa vumbi huziba kabisa, kwa hiyo uoshwe kwa brashi na sabuni kila mwezi. Baridi: ongeza blanketi, kofia na soksi kwa watoto, na hamisha kitanda cha kichanga kisikae chini ya dirisha. Wezi: nondo. Kisha fungua kabisa madirisha ya juu, yale madogo karibu na dari, kwa sababu hewa ya joto hupanda na kutokea huko hata upepo ukiwa umelala. Majengo mengi ya zamani yanayo, na mengi yamepigwa misumari au kupakwa rangi yakagandamana. Yafungueni.

Hao waliojenga zamani walijua walichokifanya. Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, wakachapisha matokeo mwaka 2007, walikuta vyumba vyenye madirisha na milango wazi vikibadilisha hewa yote mara 28 kwa saa kwa wastani, huku vyumba vya mitambo vikibadilisha mara 12. Wodi zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilifika mara 40. Kama hospitali yenu ina wodi ya namna hiyo, msikubali ishushwe dari ili iwekwe kiyoyozi.

Na kiyoyozi chenyewe: kile cha ukutani, chenye kifaa kimoja ndani na kingine nje, hakileti hewa safi hata tone. Kinachukua hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Chumba cha daktari chenye kiyoyozi na mlango uliofungwa ni mahali pa hatari kuliko varanda lenye watu 30. Kama lazima kiwake, acha dirisha wazi kiasi cha kiganja na ukubali bili ya umeme.

Feni ya kusimama isipulize kutoka kwa mgonjwa kuelekea kwa wenzake. Igeuze itazame dirishani, itoe hewa nje, na hewa mpya itaingia upande wa pili.

Ukitaka kuona hewa inaelekea wapi, washa kijiti cha udi katika chumba kitupu na ufuate moshi. Narudia: chumba kitupu. Kama kuna oksijeni inatumika au mtungi umefunguliwa, usiwashe chochote. Funga uzi mwembamba kwenye kijiti na uangalie unavyopepea. Unachotaka ni hewa itoke kwa muuguzi, ipite kwa mgonjwa, itoke nje. Ikienda kinyume, sogeza meza ya muuguzi. Huku pwani rudia kipimo pepo za msimu zikigeuka, kusi ikiingia na kaskazi ikiingia, kwa sababu dirisha lililokuwa la kuingizia hewa linageuka la kutolea, na wakati wa maleleji, katikati ya misimu hiyo, huenda hakuna kinachotembea kabisa.

Baada ya mgonjwa wa surua kuondoka chumbani, muda wa kusubiri unategemea hewa. Ikibadilika mara 12 kwa saa, dakika 23 zinaondoa asilimia 99 ya chembe. Mara 6, dakika 46. Mara 2 tu, ni zaidi ya saa 2.

Vitanda na wanaolala humo

Acha angalau mita 1 kati ya kitanda na kitanda. Mita 2 kama nafasi ipo. Ikibana, laza wagonjwa vichwa kwa miguu, huyu kichwa dirishani, jirani yake kichwa njiani, ili pumzi zao zisikutane.

Najua kuna wodi ambazo watoto wawili wanalala kitanda kimoja. Siwezi kukuongezea vitanda kwa maandishi. Ila usimlaze anayekohoa na asiyekohoa, kamwe, hata kwa usiku mmoja. Wanaokohoa wakae upande ambao hewa inatokea, wenye utapiamlo, saratani, VVU na njiti wakae upande hewa inakoingia. Watoto njiti wawe na chumba chao, na asiingie humo mtu mwenye mafua, awe bibi, awe daktari bingwa.

Na acheni kuwahamahamisha wagonjwa. Kila ukimhamisha mtu, umehamisha na alichokibeba.

Mikono

Sanitaiza iwe mahali mkono unapofika bila kutembea: kwenye kitanda, si kwenye kona ya mlango. Sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Mikono yenye uchafu unaoonekana ioshwe kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanula, baada ya majimaji ya mwili, baada ya mgonjwa, na baada ya vitu vinavyomzunguka. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo lililowaambukiza wale wanne wa Rochester.

Bohari likikosa, mfamasia wa hospitali anaweza kutengeneza yenyewe kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, halafu maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kufika lita 10. Koroga, jaza chupa, ziache saa 72 kabla ya kutumia ili vijidudu sugu vilivyo kwenye chupa vife. Ethanoli hulipuka moto, kwa hiyo kazi hii isifanyike karibu na jiko wala kwa mapipa makubwa.

Glovu haiwi badala ya kunawa. Nimeona glovu moja ikipita vitanda sita. Aliyelindwa hapo ni mvaaji peke yake.

Barakoa

Anayekohoa avae barakoa ya upasuaji, kama anaweza kupumua nayo. Mtoto mdogo na anayetweta asivalishwe. Muuguzi avae ya upasuaji anapomkaribia mwenye mafua, na N95 (barakoa nzito inayobana uso na kuchuja chembe ndogo) kwa surua au kazi inayorusha chembe: kuingiza mpira kooni, kunyonya makohozi, kufufua. N95 isiyobana ni kitambaa tu. Kila ukivaa, izungushie viganja, pumua kwa nguvu. Ukisikia hewa ikipenya puani au mashavuni, irekebishe. Ndevu huizuia kushika uso.

Barakoa ikilowa, badilisha. Ivue kwa kamba, usishike mbele, na usiishushe kidevuni ukinywa chai kisha ukairudisha.

Nebulaiza na chupa ya soda

Machi 2003, wodi moja ya Hong Kong ilipata mgonjwa wa SARS, ndugu mwingine wa UVIKO-19, ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Aliwekwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, na zaidi ya watu 100 wakaambukizwa katika mlipuko ule, wengi wao wafanyakazi na wanafunzi wa udaktari. Nebulaiza ile ilitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na mzunguko mbaya wa hewa wodini.

Mwenye pumu mara nyingi hahitaji nebulaiza. Salbutamol ya kupuliza pamoja na chombo cha kupitishia dawa inafanya kazi sawa, na chombo hicho unakitengeneza kwa chupa ya plastiki ya mililita 500. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa hiyo inafanya kazi vizuri kama kile cha dukani. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, maana kuifuta huleta umeme tuli unaoishika dawa ukutani. Pasha waya, toboa kitako tundu la umbo lile lile la mdomo wa kipulizio, lichomeke libane, ziba ukingo kwa plasta. Mtoto anavuta kwenye shingo ya chupa. Mdogo anafungiwa barakoa ya chombo hapo. Tikisa dawa, puliza mara moja, apumue mara 5 au 6, ndipo upulize tena. Andika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito. Chupa ni yake, aende nayo nyumbani.

Kudeki na kupangusa

Anza na sabuni na maji, kwa sababu uchafu hula klorini. Kisha klorini ya asilimia 0.1 kwa vitanda, meza, vitasa, swichi na simu ya wodi, asilimia 0.5 kwa damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika. Soma chupa ina asilimia ngapi, gawa kwa asilimia unayoitaka, toa 1: hizo ndizo sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik ya asilimia 3.5 kwa 0.1 ni sehemu 34 za maji, yaani kama mililita 290 kwenye ndoo ya lita 10. Kwa 0.5, sehemu 6 za maji. Iache sehemu iwe mbichi dakika 10. Changanya mpya kila siku, na kamwe usichanganye na dawa nyingine ya choo au yenye amonia. Hewa yake inaua.

Stetoskopu, kipimajoto, kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni na mkanda wa presha vipanguswe kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kunyunyizia watu dawa mlangoni hakusaidii na kunaumiza macho na mapafu. Na mhudumu anayedeki afundishwe kwa heshima, apewe glovu nzito na barakoa, aulizwe ameona nini. Anajua wodi kuliko matroni.

Wafanyakazi wenye mafua

Muuguzi mwenye homa anakuja kazini kwa sababu akikosa, mwenzake atabaki peke yake na wagonjwa 40. Ni moyo mzuri unaoleta madhara. Uongozi uandike wazi kwamba kukaa nyumbani kwa mafua hakukatwi likizo wala posho, na wawepo watu wa akiba kwenye ratiba. Kabidhianeni zamu varandani. Chai inywewe nje; kile chumba kidogo cha chai, barakoa zikiwa zimevuliwa, kimeambukiza zamu nzima zaidi ya mara moja. Chanjo ya influenza ya kila mwaka ikipatikana, wahudumu wawe wa mbele.

Ndugu

Ndugu ndio wanaolisha, wanaoosha, wanaokesha. Bila wao wodi zetu haziendi, kwa hiyo wafundisheni siku ya kwanza kama mnavyomfundisha muuguzi mwanafunzi. Mwuguzaji mmoja, asibadilishwe kila siku. Akipata mafua, nyumbani wamlete mwingine. Muda wa kutazama wagonjwa, wawili kwa wakati, na watoto wasije. Mama anayenyonyesha akiwa na mafua aendelee kunyonyesha, avae barakoa na kunawa kabla ya kumshika mtoto. Mtoto wa jirani asibebwe, hata akilia. Mwiteni mama yake.

Wakitokea wawili

Wagonjwa wawili wakianza kikohozi au homa mpya zaidi ya siku 3 tangu walazwe, wodi moja, ndani ya siku 3, chukulia ni mlipuko. Usisubiri wa tatu. Siku hiyo hiyo chora ramani ya vitanda kwenye karatasi: nani yuko wapi, alilazwa lini, alianza lini, nani alimhudumia. Ramani hiyo itakuonyesha mara nyingi kitanda kilichoanza. Wakusanye wanaokohoa upande mmoja, na muuguzi wao asihudumie wengine zamu ile. Simamisha kuhamisha wagonjwa, na wasiokuwa wagonjwa sana waruhusiwe. Chukua sampuli za pua, mpigie mganga mkuu wa wilaya.

Ikiwa ni surua, saa zinahesabiwa. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa inaweza kumkinga. Katika mlipuko hata mwenye miezi 6 anachanjwa, kisha ratiba ya miezi 9 na 18 inaendelea. Pekua kadi za kliniki za watoto wote wa wodi usiku huo huo.

Hesabu vipindi viwili vya kupevuka kwa virusi (muda tangu mtu aambukizwe hadi dalili zitokee) tangu mgonjwa wa mwisho kabla ya kusema umeisha: influenza siku 8, RSV siku 16, surua siku 42.

Na walioruhusiwa kabla hamjagundua? Namba za simu ziko kwenye faili. Piga. "Mama, hujambo? Mtoto anakohoa? Nyumbani kuna kichanga mwingine?" Akisema anakohoa, mwambie arudi, na umweleze mlango wa kupitia: ule wa varandani, asikae kwenye benchi la ndani.